Kinyani: Kazi ya Fedha katika Uposaji wa Kiyahudi

Katika Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokamilika mwanzoni mwa karne ya 3, kitabu cha Kidushini kinaanza kwa kutaja njia tatu ambazo mwanamume humpata mke: fedha, hati na tendo la ndoa. Kitenzi kinachotumika pale kina mzizi mmoja na neno kinyani, na ndicho kitenzi cha kununua kitu sokoni. Ndiyo maana wafasiri hushawishika kuandika kwamba mwanamke “hununuliwa”. Sikubaliani nao hata kidogo, na sababu yangu imo ndani ya sheria yenyewe.

Kinyani ni tendo linalohamisha haki. Shamba hupatikana kwa fedha, kwa hati au kwa kulishika na kulitumia. Vitu vinavyohamishika vina utaratibu mwingine: mnunuzi akishalipa, biashara bado haijafungwa mpaka akivute au akiinue kitu chenyewe. Kwa hiyo hata sokoni, bei ni jambo moja na kinyani ni jambo la pili. Neno “upataji” linabeba maana hiyo vizuri, kwa sababu mtu hupata kwa kununua, kwa kurithi, kwa kupewa. “Ununuzi” unaifunga milango yote isipokuwa mmoja.

Sasa tuiangalie fedha ya uposaji. Wafuasi wa mwanazuoni Shammai walidai dinari moja au kitu chenye thamani hiyo. Wafuasi wa mwenzake Hillel wakasema peruta moja yatosha, na sheria ikafuata kauli yao. Dinari moja ina peruta 192. Maimonides, mwanasheria wa Kiyahudi wa zama za kati, aliikadiria peruta kuwa fedha yenye uzito wa nusu punje ya shayiri. Kiasi hicho hakiwezi kuwa bei ya binadamu, wala hakikukusudiwa kuwa bei. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba kitu cha thamani kimetoka mkononi mwa mwanamume na kumfikia mwanamke, mbele ya mashahidi wawili, huku mwanamume akitamka kwamba kwa kitu hicho anamposa.

Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya wanazuoni juu ya Mishna, inaichunguza peruta hii kwa makini ya kushangaza. Mwanamume aliyemkopesha mwanamke hawezi kumposa kwa mkopo huo, kwa kuwa fedha zile zilikwisha kuwa za mwanamke za kutumia, na leo hampi kitu kipya. Akimpa kitu kwa sharti akirudishe, uposaji haufungi. Akitoa mali ya wizi, hajatoa chochote. Pete, ambayo imeshika nafasi ya sarafu kwa karne nyingi, lazima iwe mali ya bwana harusi, na desturi inataka isiwe na kito, ili bibi harusi asidanganyike kuhusu thamani yake. Na bila ridhaa yake hakuna kinyani. Wanazuoni waliona fundisho hilo hata katika Mishna kusema kwamba mwanamke “hupatikana”, badala ya kuanza na mwanamume anayempata. Mwanamke mzima huipokea fedha yeye mwenyewe nayo huwa yake. Ya binti mdogo ilikuwa haki ya baba yake.

Msomaji wa Kiswahili atafikiri mara moja juu ya mahari. Kinachokaribia mahari, hasa ile inayoahirishwa, ni ketuba: zuzi 200 kwa mwanamwali na 100 kwa mjane, zinazodaiwa akiachwa au akifiwa. Peruta haimpi mwanamke akiba yoyote. Yenyewe hufunga tu.

Inafunga nini? Ni kweli kwamba Talmudi ilipata uthibitisho wa njia ya fedha kwa kulinganisha kitenzi cha kumtwaa mke na kile cha Abrahamu kulipia shamba la Efroni huko Hebroni. Lakini mwenye shamba aweza kuliuza, na mume hana ruhusa ya kumuuza mke wala kumhamisha kwa mwingine. Anachopata ni haki ya pekee: mwanamke anakuwa haramu kwa wanaume wengine wote, kama vile mali ya Hekalu ilivyokuwa haramu kwa matumizi ya kawaida. Kutokana na ulinganisho huo Talmudi inaeleza neno kidushini, na hapa Kiswahili kina neno tayari: wakfu. “Posa” peke yake ni hafifu, kwani posa ya kwetu huvunjwa kwa mazungumzo ya wazee. Kidushini huvunjwa kwa talaka ya maandishi au kwa kifo, hata kabla wawili hawajaishi pamoja. Ndiyo sababu katika Injili Yusufu, ambaye Mariamu alikuwa ameposwa naye tu, alifikiria kumwacha. Napendekeza “akdi ya kidushini”.

Tafsiri sahihi haiondoi ukweli kwamba upataji huu ni wa upande mmoja. Mume ndiye anayepata, na ndiye anayetoa talaka. Akikataa, mke hubaki amefungwa. Hilo ni jeraha halisi, na wanawake wa Kiyahudi wamelisema kwa sauti. Mwaka 1998 mwanatheolojia Rachel Adler alipendekeza ndoa ijengwe juu ya sheria ya ushirika wa biashara: kila mmoja anatia kitu chake ndani ya mfuko mmoja, kisha wote wawili wanauinua. Kuinua, katika sheria ileile ya kale, ni kinyani.