Dania inakufa dirishani kila Desemba? Tatizo si baridi, ni mwanga

Tarehe 21 Desemba jijini London, jua huchomoza saa 2 asubuhi na dakika chache, na kabla ya saa 10 jioni limeshazama. Mchana wote haufiki saa 8, na mara nyingi ni mawingu matupu. Oslo hali ni mbaya zaidi, mchana ni kama saa 6 tu. Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norway, jua halichomozi kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari.

Kwa mtu aliyekulia Mwanza au Mombasa, ambako mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima, hili si jambo la kuwaza. Akihamia Ulaya au Marekani anafanya kinachoonekana sahihi: anaweka chungu dirishani, anawasha hita, anamwagilia kila siku. Wiki tatu baadaye miche imerefuka kama nyuzi na kulala upande. Kachumbari ya Krismasi inaliwa bila dania, au kwa fungu dogo la supamaketi linalooza kwenye friji kabla halijaisha.

Lawama huenda kwa baridi. Lakini nyumba yenye nyuzi joto 18 hadi 20 inaitosha kabisa dania (giligilani kwa wengine, kotimiri kwa watu wa Zanzibar). Mmea huu hata haupendi joto kali. Ukiuweka karibu na hita unakimbilia kutoa maua, na ukishafanya hivyo majani yanakuwa membamba na ladha inabadilika. Kinachokosekana ni mwanga.

Jaribu kwa mkono wako

Kuna kipimo rahisi kisichohitaji kifaa. Saa 6 mchana, weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka chungu, kisha nyoosha mkono kama sentimita 30 juu yake. Kivuli kikiwa na kingo zinazoonekana vizuri, mwanga upo. Kikiwa ukungu tu, au hakuna kivuli kabisa, mmea hapo utateseka.

Nchi za kaskazini mwa dunia, dirisha bora ni linalotazama kusini, kwa sababu wakati wa baridi jua hupita upande huo, tena chini sana. London mwezi Desemba, hata adhuhuri jua huwa nyuzi 15 hivi tu juu ya upeo, hivyo ghorofa la jirani linatosha kulificha. Dirisha la kaskazini sahau, labda kwa nanaa, ambayo ina uvumilivu kidogo.

Taa inakula umeme kiasi gani?

Hapa ndipo wengi wanaogopa bili. Taa ya LED ya wati 20 ikiwaka saa 14 kwa siku inatumia uniti 0.28. Kwa siku 30 ni uniti 8.4. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa, halafu linganisha na mafungu ya dania unayonunua kwa mwezi. Kwa anayepika kila siku, hesabu mara nyingi inambeba.

Si lazima iwe ile taa ya zambarau inayofanya sebule ionekane kama klabu. LED nyeupe ya kawaida yenye mwanga mkali inafanya kazi, mradi ikae karibu: sentimita 15 hadi 30 juu ya majani. Ikiwa darini, mita mbili juu, ni kama haipo. Ipandishe mmea unavyokua. Chomeka kwenye soketi yenye saa ili ijiwashe na kujizima yenyewe, maana mimea nayo inahitaji giza la usiku.

Kupanda dania yenyewe

Dania ina mzizi mmoja mrefu unaoshuka moja kwa moja, na haipendi kuhamishwa. Panda mbegu pale pale itakapokulia, kwenye chungu chenye kina cha sentimita 20 na matundu chini. Zile punje za mviringo, kila moja kwa kawaida ina mbegu mbili ndani. Zisugue kidogo chini ya chupa zipasuke, usizisage, kisha fukia sentimita moja. Kuota huchukua wiki moja hadi tatu, kwa hiyo usikate tamaa siku ya tano. Panda chungu kingine kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa sababu dania haidumu. Ukivuna, anza na majani ya nje na uache sehemu kubwa ya mmea.

Asiye na subira apande uwatu, ule ule wa kwenye kopo la viungo. Unaota ndani ya siku chache na majani yake huliwa yakiwa machanga. Nanaa nayo haihitaji mbegu: chukua vijiti vya fungu la dukani, ondoa majani ya chini, weka kwenye glasi ya maji, na kwa kawaida mizizi hutoka ndani ya wiki mbili. Mchaichai pia huota hivyo, ukipata bua lenye kitako kizima.

Mrehani ndio mdekaji. Nyuzi joto zikishuka chini ya 10 majani huwa meusi. Kosa la kawaida ni kufunga pazia usiku huku chungu kikibaki kati ya pazia na kioo, ambako baridi ni kali kuliko chumbani. Usiku kivute ndani.

Maji yanaua kuliko kiu

Mwanga ukiwa mdogo, mmea hunywa kidogo. Ingiza kidole sentimita mbili kwenye udongo. Ukiwa bado na unyevu, acha. Maji yaliyojaa kisahani yamwage baada ya nusu saa. Ukiona vijidudu vyeusi kama mbu wadogo vinarukaruka juu ya chungu, jua udongo umelowa muda mrefu. Uache ukauke juu kabla ya kumwagilia tena. Na usichote udongo wa bustanini, unashikana na kuja na wadudu wake. Nunua wa mfuko.

Usifiche mbegu kwenye begi

Tangu 14 Desemba 2019, abiria anayeingia Umoja wa Ulaya akitokea nje na mimea au mbegu za kupanda anatakiwa kuwa na cheti cha afya ya mimea. Marekani nayo inadai vibali. Mche wa mchaichai uliofungwa kwenye khanga unaweza kuishia kwenye pipa la uwanja wa ndege. Maduka ya vyakula vya Asia kwenye miji mingi huuza mabua ya mchaichai na punje za dania, na nyingi ya punje hizo huota.

Kuanzia Machi mchana hurefuka haraka na taa inaweza kupunguziwa saa. Dania itastahimili kutoka nje mapema. Mrehani usubiri hadi usiku wa barafu uishe kabisa. Maeneo mengi ya Uingereza hiyo ni mwishoni mwa Mei.