Sosi tamu ya pilipili ya nyumbani: punguza sukari, usiguse siki

Anayeishi Kibondo au Kasulu hana haja ya kwenda mbali kutafuta vya kutengenezea sosi ya pilipili. Pilipili ziko bustanini, nanasi na tangawizi ziko sokoni, na asali ya miombo iko kwa wafugaji nyuki. Hata hivyo wengi hununua ya chupa. Soma karatasi ya chupa hiyo. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi, na mara nyingi utakuta sukari imetangulia pilipili yenyewe.

Sukari hiyo haikuwekwa kwa ajili ya utamu tu. Huifanya sosi iwe nzito, na ikiwa nyingi huzuia vijidudu kukua. Kwa hiyo ukiipunguza bila kubadilisha kitu kingine, utapata sosi ya majimaji inayoharibika upesi. Uzito tutaupata kwenye nanasi na unga wa muhogo, kinga tutaipata kwenye siki.

Chukua pilipili ndefu nyekundu 8, punje 4 za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi, utwange kwenye kinu. Kama ni pilipili mbuzi, 3 zinatosha. Weka kwenye sufuria pamoja na kikombe 1 cha nanasi bivu lililopondwa, nusu kikombe cha siki ya dukani, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko 2 vya chakula vya sukari au asali. Mapishi ya kawaida yangetaka karibu kikombe kizima cha sukari. Chemsha kwa moto mdogo dakika 20, ukikoroga. Mwisho koroga kijiko 1 cha chai cha unga wa muhogo katika maji kidogo ya baridi, mimina, acha ichemke dakika 5 nyingine.

Asali je? Ina ladha nzuri, lakini mwilini nayo ni sukari. Shirika la Afya Duniani huihesabu pamoja na sukari ya kuongezwa, ambayo kwa mtu mzima isizidi gramu 50 kwa siku, yaani kama vijiko 12 vya chai, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Mwenye kisukari asidanganyike na neno “asili”. Na mtoto wa chini ya mwaka 1 asilambishwe asali kabisa.

Siki ndiyo ya kuwa nayo makini. Usiipunguze wala usiiongeze maji, na usibadilishe nanasi kwa ndizi mbivu, kwani ndizi haina ukali wa kutosha. Ndani ya chupa iliyofungwa, penye asidi kidogo, anaweza kukua bakteria mwenye sumu ya kuua, na huenda usione ukungu wala kusikia harufu. Chemsha chupa ya kioo na kifuniko chake dakika 10, mimina sosi ikiwa ya moto. Kwenye friji itumie ndani ya wiki 2. Bila friji, pika kidogo, ya siku 2 au 3, na uchote kwa kijiko kikavu.

Pilipili haisababishi vidonda vya tumbo; vingi hutokana na bakteria au dawa za maumivu. Lakini aliye navyo anaweza kuungua zaidi akiila. Mikono ikiwasha baada ya kutwanga, ipake mafuta ya kula kwanza, kisha osha kwa sabuni. Maji matupu hayaondoi ukali huo.