Kinywaji cha kuongeza nguvu

Kinywaji cha kuongeza nguvu (pia: kinywaji cha nishati) ni kinywaji baridi kisicho na kileo, chenye kafeini pamoja na sukari au vitamu vingine, kinachouzwa kwa madai ya kuondoa uchovu. Ni tofauti na kinywaji cha wanamichezo, ambacho hurudishia mwili maji na chumvi zilizopotea kwa jasho.

Historia

Nchini Japani kampuni ya Taisho ilianza kuuza Lipovitan D mwaka 1962. Nchini Thailand Chaleo Yoovidhya alibuni Krating Daeng katika miaka ya 1970. Mwaustria Dietrich Mateschitz alishirikiana naye, na mwaka 1987 Red Bull ikaanza kuuzwa Austria.

Nchini Tanzania, mbali na makopo yanayoagizwa kutoka nje, viko vinywaji vinavyotengenezwa nchini, kama vile Azam Energy na Mo Energy. Hupatikana katika maduka ya kawaida, kuanzia mijini kama Mlandege, Iringa, hadi vituo vya malori kwenye barabara kuu ya TANZAM inayopita Iringa na Mbeya hadi Tunduma. Hunywewa sana na madereva, waendesha bodaboda na wanafunzi wanaokesha wakijisomea.

Namna kinavyofanya kazi

Mtu akiwa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya katika ubongo na kuleta usingizi. Kafeini huizuia isifanye kazi yake. Kwa hiyo kafeini haiongezi nguvu, bali huficha uchovu. Ikipungua mwilini, usingizi hurudi. Baada ya saa 5 hivi, karibu nusu yake huwa bado imo mwilini. Kwa dereva, dawa ya usingizi ni kusimamisha gari na kulala.

Nishati yenyewe hutokana na sukari. Kopo la Red Bull la mililita 250 lina miligramu 80 za kafeini, karibu sawa na kikombe cha kahawa, na gramu 27 za sukari, yaani vijiko vya chai kama 7.

Madhara

Kafeini nyingi huleta mapigo ya moyo ya kasi, wasiwasi, kutetemeka na kukosa usingizi. Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 400 kwa siku, na mjamzito 200. Kuchanganya kinywaji hiki na pombe ni hatari, kwa sababu mnywaji hajihisi amelewa na huendelea kunywa. Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18 mwaka 2014.

Jinsi ya kuchagua

- Soma lebo: kiasi cha kafeini, sukari na ukubwa wa chupa. Kama kiasi kimeandikwa kwa mililita 100, zidisha kulingana na chupa nzima.
- Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5, yaani gramu 25 hivi.
- Mbegu za guarana zina kafeini, hivyo huongeza ile iliyokwisha kuwekwa.
- Watoto, wajawazito na wenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu waviepuke.

Viungo vya mimea

Neno "asilia" kwenye lebo si uthibitisho wa usalama. Ginseng hutiwa katika baadhi ya vinywaji, lakini ushahidi kwamba huondoa uchovu ni hafifu.

Mimea ifuatayo hutumika nyumbani na haina kafeini:

- Tangawizi hutuliza kichefuchefu. Ikizidi huleta kiungulia.
- Mchaichai hutoa harufu nzuri, hivyo sukari kidogo hutosha.
- Rozela (choya) huweza kushusha kiasi shinikizo la damu. Anayetumia dawa za shinikizo amwulize daktari kwanza.
- Ubuyu una vitamini C.

Anayehitaji kafeini anaweza kuipata katika chai ya Mufindi na Rungwe au kahawa ya Mbozi, akipima sukari mwenyewe. Anayehitaji nguvu za kazi atazipata katika chakula, kama vile uji wa ulezi au togwa.

Tazama pia

- Kafeini
- Chai
- Kahawa
- Tangawizi
- Togwa