Kabla Mpira Unaofuata Haujarushwa

Jumamosi moja mwaka jana niliombwa kusimama karibu na kituo cha kwanza kwenye mechi ya softiboli ya wasichana wa chini ya miaka 13, hapa Nairobi. Mimi si mwamuzi. Rafiki yangu anayefundisha timu moja alikosa mtu, mimi sikuwa na kazi yoyote ya kuandika wiki hiyo, na niliahidiwa chapati na ndengu. Mwamuzi wa ukweli alikuwa mama mmoja mwenye kofia ya bluu, amesimama nyuma ya mdakaji.

Ilikuwa zamu ya mwisho. Timu iliyokuwa ikipiga ilikuwa nyuma kwa alama moja, wachezaji wake wawili walikuwa wameshatolewa, na mmoja alikuwa kituo cha tatu akingoja kukimbia nyumbani. Kasichana kembamba kakapiga mpira wa kubingirika, kakatimua mbio. Mpira ukarushwa kituo cha kwanza. Nikainua ngumi: auti! Mechi ikaisha hapo.

Ngumi ilikuwa bado hewani nilipojua nimekosea. Mguu wake ulikuwa umekanyaga kituo kwanza. Baadaye niliambiwa vile waamuzi hufanya: macho yako yanakaa kwenye mguu, masikio yanasikiliza mpira ukigonga glavu. Mimi nilikuwa naangalia mpira, kama mtazamaji.

“Lakini nilifika, refa,” akaniambia. Hakupiga kelele.

“Pole, mami. Mechi imeisha,” nikasema, nikaenda kula chapati.

Nilienda kusoma sheria usiku huo, nikitafuta kitu cha kunitetea. Nilichopata ni kwamba huu mchezo unagawanya makosa ya mwamuzi mara mbili. Kuna kosa la sheria: mwamuzi ametumia kanuni ambayo haipo, au ameielewa vibaya iliyopo. Hilo linakatiwa rufaa. Halafu kuna kosa la jicho: alikuwa auti au hakuwa auti, mpira ulipita ndani au nje. Kwenye Little League, shirika lililoanzia Williamsport, Pennsylvania, mwaka 1939 na ambalo limelea watoto wengi kwenye besiboli na softiboli kuliko lingine lolote, rufaa ya kosa la jicho haisikilizwi kabisa. Na hata ile ya sheria lazima uitoe kabla mpira unaofuata haujarushwa. Ukirushwa, umenyamaza milele.

Ila kuna mlango mdogo. Mwamuzi aliyetoa uamuzi anaweza kumuuliza mwenzake aliona nini. Mwenzake hana ruhusa ya kumsahihisha bila kuulizwa. Yaani yule mama wa kofia ya bluu alikuwa pale, pengine aliuona ule mguu vizuri kabisa, na sheria ilimfunga mdomo hadi mimi nigeuke. Sikugeuka.

Hadithi ambayo watu wa besiboli huitaja wakizungumzia kosa la sheria ni ya tarehe 24 Julai 1983, New York. Kansas City Royals wako nyuma 4-3 dhidi ya Yankees, wamebakisha mtu mmoja. George Brett anaupiga mpira unatoka nje ya uwanja: alama mbili, 5-4. Billy Martin, kocha wa Yankees, anatoka polepole na kulalamika kwamba gongo la Brett limepakwa lami ya msonobari kupita inchi 18 zinazoruhusiwa. Wachezaji hupaka hiyo lami ili mikono isiteleze. Mwamuzi Tim McClelland hana rula, basi analaza gongo juu ya bamba la nyumbani, ambalo upana wake ni inchi 17, anapima, na kumwita Brett auti. Mechi imeisha. Brett anatoka kibandani kama mtu aliyeona mwizi akiondoka na simu yake, na waamuzi wanamshika wasijue atafanya nini.

Royals walikata rufaa, na rais wa ligi, Lee MacPhail, akawapa haki. Hoja yake ilikuwa kwamba sheria ya lami iliwekwa kuzuia mipira isichafuke, na lami haimpi mtu nguvu. Gongo litolewe mchezoni, alama zibaki. Tarehe 18 Agosti wakarudi kumalizia dakika chache zilizobaki. Martin, mtu asiyechoka, akadai Brett hakukanyaga vituo vyote siku ile, na hawa waamuzi wapya watajuaje? Mwamuzi Dave Phillips akatoa mfukoni barua iliyotiwa saini na waamuzi wa ile mechi ya Julai, ikithibitisha kwamba alivikanyaga. Mpaka leo hiyo barua hunichekesha. Royals wakashinda 5-4.

Nilitamani kosa langu lingekuwa la aina hiyo, la kupelekwa ofisini, lipigwe muhuri, lirudi limenyooka. Lakini langu lilifanana na la Jim Joyce.

Tarehe 2 Juni 2010, Detroit. Armando Galarraga, mrushaji kutoka Venezuela, amewatoa wapigaji 26 wa Cleveland mfululizo. Akimtoa wa 27 atakuwa amecheza mechi kamilifu, kitu kilichokuwa kimetokea mara 20 tu katika historia ya ligi kuu za Marekani. Jason Donald anapiga mpira wa kubingirika, Miguel Cabrera anauokota na kuurusha, Galarraga anaudaka akiwa amekanyaga kituo cha kwanza, hatua nzima kabla ya Donald. Joyce, mwamuzi wa zaidi ya miaka 20, ananyoosha mikono: amefika salama.

Galarraga akatabasamu. Hakumkaripia mtu. Akarudi mahali pake akamtoa mpigaji aliyefuata, Detroit wakashinda 3-0. Baada ya mechi Joyce akatazama video, akaenda kumwomba Galarraga msamaha ana kwa ana, na akawaambia waandishi waziwazi kwamba amemnyang'anya kijana mechi yake. Kesho yake mchana, Galarraga ndiye alitumwa kumpelekea karatasi ya majina ya wachezaji pale kwenye bamba la nyumbani. Joyce aliipokea akifuta machozi.

Kamishna wa ligi, Bud Selig, alikataa kubadilisha matokeo. Watu wengi walimlaumu, mimi sijui kama ningethubutu pia. Mwaka 2014 ligi iliruhusu video kutumika kwa maamuzi ya aina hiyo. Uwanja wa mtoi wa miaka 12 hauna video. Kuna jicho lako, jicho la mwenzako na muda mfupi sana.

Nasema muda kwa sababu softiboli ya watoto yenyewe, angalau ile ya Little League, ilizaliwa na ubishi wa sheria uliochelewa kuamuliwa. Mwaka 1950, mjini Corning, New York, Kathryn Johnston alikata nywele, akajiita Tubby, akaingia timu ya wavulana na kucheza kituo cha kwanza. Alipomwambia kocha ukweli, kocha alimwacha aendelee. Msimu uliofuata Little League ikaandika kwamba wasichana hawaruhusiwi. Hapo mwamuzi angeisoma kanuni neno kwa neno, asikosee hata herufi, na bado msichana angeenda nyumbani.

Kanuni hiyo ilikaa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1972 Maria Pepe, wa miaka 12, alirusha mpira katika mechi tatu huko Hoboken, New Jersey, kabla Little League haijatishia kuifukuza ligi nzima ya mji wake. Kesi ikafunguliwa. Novemba 1973, Sylvia Pressler, aliyesikiliza shauri hilo kwa niaba ya idara ya haki za raia ya jimbo, akaamua kwamba wasichana wana haki ya kucheza. Mwaka 1974 Little League ikafungua mlango, na mwaka huo huo ikaanzisha softiboli. Mamilioni ya wasichana wamepita hapo. Pepe hakupita. Uamuzi ulipotoka, alikuwa ameshavuka umri.

Hiyo sehemu naielewa kuliko nyingine zote. Chuoni alama zangu za somo moja zilipotea, mambo ambayo wengi wenu mnayajua. Nilizunguka ofisi hadi ofisi na kibahasha changu. Zilipatikana miezi saba baadaye. Nilikuwa nimeshaacha.

Basi muhula uliofuata nilimpigia rafiki yangu na kumwambia nitarudi kusimama, bure, hata bila chapati. Nilifika mapema, nikamsalimia yule mama wa kofia ya bluu, nikamwambia nikimwangalia leo ajue namuuliza. Akacheka. “Hata siku ile ningekujibu,” akasema.

Nikauliza kasichana kale kembamba kako wapi, maana nilikuwa nimejiandaa hadi maneno. Mwalimu wake alikuwa anapanga magongo kwenye nyasi, hakuinua kichwa. Alisema familia yao ilihamia Nakuru mwezi wa pili.