TULIVYOPATA KARATASI YETU YA HABARI



Tunamshukuru Mungu kutufikisha miaka kumi. Wenzetu wameeleza habari za hisa na mikopo. Sisi tunaeleza historia ya karatasi yetu ya habari, maana hapo ndipo kikundi kilipotaka kufa, na hapo hapo kikapona.

Mwanzoni tuliandika kwa mkono, kwenye karatasi za daftari. Katibu aliandika kadiri alivyokumbuka. Mwezi huu inaanza habari ya msiba, mwezi ujao hesabu. Wahisani wa Kyela mjini, Mbeya na Dar es Salaam wakawa wanauliza: jamani, fedha zimefikia wapi? Basi tukaongeza orodha ya wanaodaiwa, kwa majina. Tulidhani ndio uwazi.

Mama mmoja alichelewesha marejesho kwa sababu vyungu vyake vilivunjika mtumbwini akienda soko la Matema. Karatasi ile ikafika mikononi mwa mkwewe. Ninyi mnajua aibu hiyo kwetu. Hakuja vikao vitatu, na wengine wakaanza kuogopa kukopa. Tulikosea, wala hatufichi.

Mwalimu mmoja mstaafu akatuambia kwamba watoa magazeti walishalifikiria jambo hili zamani. Kule Zanzibar wamisionari wa UMCA walianzisha Msimulizi mwaka 1888. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923, likitoka kila mwezi, na msomaji alijua atakuta habari za miji na mashairi. Miaka ya 1970 huko Mwanza lilikuwepo Elimu Haina Mwisho, la watu wazima waliojifunza kusoma. Kila jambo likiwa na mahali pake, msomaji hapotei, na mwandishi hajazi tu lililomjia kichwani.

Basi tukakaa chini, kama tunavyokaa kufinyanga, tukagawa karatasi mafungu manne. La kwanza, jina la kikundi na mwezi. La pili, fedha: hisa, mikopo, marejesho, na jumla ya madeni yaliyochelewa, bila jina la mtu. La tatu, habari za wanachama, za uzazi, ugonjwa au msiba, kwa ruhusa ya mwenyewe. La nne, kikao kijacho. Majina ya wadaiwa yalibaki kwenye daftari la kikaoni, ndipo mahali pake.

Siku hizi tunatuma pia kwa barua pepe. Kijana wetu alitutengenezea kiolezo, yaani karatasi yenye vichwa tayari, sisi tunajaza tu. Kwanza aliweka safu mbili na picha nyingi. Tulipofungua kwenye simu, herufi zilikuwa kama sisimizi na picha zikala bando. Tukamwambia: mwanangu, safu moja, herufi kubwa, picha moja yatosha. Anwani za wapokeaji tunaziweka pa siri, mtu asione ya mwenzake. Asiyetaka tena anajibu tu, tunamwondoa. Wasio na simu tunawasomea kikaoni.

Yule mama tulimwendea nyumbani, tukamwomba radhi, akarudi. Deni alimaliza. Leo yeye ndiye mshika ufunguo mmoja wa sanduku letu, na kila mwezi karatasi haitoki kabla hajaisoma.

Chungu chenye kitako kizuri hakiyumbi mafigani.

Umoja ni nguvu!

Mwenyekiti, kwa niaba ya wanakikundi, Ikombe