Kombora Juu ya Paa la Jirani: Japani mbele ya Korea Kaskazini, 1998–2006

Tarehe 31 mwezi wa nane mwaka 1998, kombora lililorushwa kutoka Musudan-ri, katika pwani ya mashariki ya Korea Kaskazini, lilipita juu ya kisiwa kikuu cha Japani na kuangukia bahari ya Pasifiki. Wavuvi hawakuonywa, wala marubani wa ndege za abiria. Siku chache baadaye Pyongyang ilitangaza kwamba haikuwa silaha, bali setilaiti iliyopelekwa angani kutangaza nyimbo za kuwasifu Kim Il Sung na mwanawe. Marekani, yenye mitambo ya kufuatilia vyombo vinavyozunguka dunia, haikuiona setilaiti hiyo.

Sisi Wakongomani hatuwezi kuisoma habari hii kama wageni kabisa. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoteketeza Hiroshima mwaka 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, kwa mikono ya babu zetu. Taifa lililopata pigo lile ndilo tunaloliona hapa likitafuta namna ya kumjibu jirani mwenye makombora, huku katiba yake ya mwaka 1947 ikilikataza kutumia vita kumaliza ugomvi wa mataifa.

Lingefanya nini? Halikuwa na balozi wa kumwita nyumbani, maana nchi hizo mbili hazikuwa na uhusiano wa kibalozi. Japani ilikuwa imeitawala Korea kama koloni tangu 1910 hadi 1945, na kwa upande wa kaskazini deni hilo lilikuwa halijazungumzwa likaisha. Serikali ya Obuchi Keizo ikatumia kile ilichokuwa nacho, yaani mfuko wake. Ilisimamisha msaada wa chakula, ikaahirisha mazungumzo ya kuanzisha uhusiano, ikazuia ndege za kukodi kati ya nchi hizo, na ikakataa kuendelea kuchangia KEDO. Hili la mwisho lilikuwa zito. KEDO lilikuwa shirika lililoundwa mwaka 1995 na Marekani, Japani na Korea Kusini ili kuijengea Korea Kaskazini vinu viwili vya umeme, nayo iache mitambo yake ya kutengeneza plutoni. Fungu la Japani lilikuwa kama dola bilioni moja.

Hapo ndipo hasira ilipojikwaa. Shirika likianguka, Pyongyang ingekuwa huru kuwasha tena mitambo ile ile iliyoogopwa. Washington na Seoul zikasisitiza, na katika mwezi wa kumi Japani ikarudi KEDO. Wako waliouita huo unyonge. Sisi hatuoni hivyo: kumnyima jirani kitu ambacho kinakulinda wewe mwenyewe si adhabu kwake. Mwezi huo huo Rais Kim Dae-jung wa Korea Kusini alifika Tokyo, na Obuchi akaweka katika maandishi majuto na radhi ya nchi yake kwa mateso ya wakati wa ukoloni. Tendo hilo halikuonekana kama jibu kwa kombora, lakini lilizisogeza karibu nchi mbili zilizohitajiana. Pembeni ya hayo, Japani iliamua kuwa na setilaiti zake za upelelezi. Za kwanza zilirushwa mwaka 2003.

Tarehe 17 mwezi wa tisa 2002, Waziri Mkuu Koizumi Junichiro alikwenda mwenyewe Pyongyang. Alitaka ahadi juu ya makombora na aliipata: majaribio yangeendelea kusimamishwa hata baada ya 2003. Naye akaomba radhi kwa ukoloni. Lakini siku hiyo Kim Jong Il alikiri kwamba watu wake walikuwa wamewateka raia wa Japani. Alitaja 13, wanane, alisema, walikwisha kufa. Watano waliokuwa hai walirudi nyumbani mwezi uliofuata, na tangu hapo hakuna waziri wa Tokyo aliyeweza kuzungumza juu ya makombora bila kuulizwa habari za waliotekwa.

Ahadi ilivunjwa tarehe 5 mwezi wa saba 2006, makombora saba yaliporushwa kwa siku moja. Safari hii Japani ilikuwa na kiti kisicho cha kudumu katika Baraza la Usalama, na rasimu yake ya azimio ilikuwa mezani upesi. Ilitaka azimio lisimame juu ya Sura ya Saba ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ile inayofungua mlango wa kulazimisha. China na Urusi zilikataa. Tarehe 15 azimio namba 1695 lilipita kwa kura zote, bila kuitaja sura hiyo. Mwaka 1998 Baraza halikupitisha azimio lolote.

Siku ile ile ya makombora, Tokyo iliifungia bandari meli Mangyongbong-92 kwa miezi sita. Meli hiyo ilisafiri kati ya Niigata na Wonsan, na ilishukiwa kubeba fedha na vifaa. Ilibeba pia Wakorea wanaoishi Japani, waliokwenda kuwaona ndugu zao. Baada ya jaribio la nyuklia la mwezi wa kumi mwaka huo, katazo liliongezwa kwa meli zote za Korea Kaskazini, kisha likaongezwa muda, tena na tena. Haijarudi Niigata.