Usanisi wa protini: si ile ya kwenye sahani

Mzazi akisoma kwamba usonji unahusishwa na "protini kupita kiasi kwenye ubongo", anaweza kumnyima mtoto mayai na maharage siku hiyohiyo. Kwa Kiswahili cha kila siku protini ni chakula: nyama, dagaa, kunde. Ndiyo maana nasisitiza istilahi usanisi wa protini iandikwe kamili.

Aliyesoma sayansi ya shule ya msingi Tanzania alishakutana na neno hili katika usanisinuru. Usanisi ni kuunganisha vitu vidogo hadi kipatikane kikubwa chenye muundo wake. Protini ya maharage ikishaliwa huvunjwa kuwa asidi amino. Seli ya ubongo huzitwaa na kuziunganisha upya kwenye ribosomu, kwa mpangilio unaotoka kwenye jeni. Kwa hiyo watafiti hawachunguzi mtoto alikula nini. Wanachunguza kasi ya uunganishaji huo, hasa karibu na sinapsi, pale seli za neva zinapopashana habari. Kumbukumbu ya kudumu huhitaji protini mpya hapo, kwa kiasi na kwa wakati wake.

Mfano ulio wazi ni ugonjwa wa kromosomu X dhaifu. Jeni ya FMR1, iliyotambuliwa mwaka 1991, hutoa protini FMRP, ambayo huzuia usanisi wa protini nyingine nyingi. Jeni hiyo ikizimika, usanisi hupanda, na wavulana wengi wenye hali hiyo huonyesha dalili za usonji.

Je, tatizo ni wingi tu? La. Mwaka 2011 maabara ya Mark Bear huko Massachusetts, Marekani, ilichunguza panya wenye hitilafu ya jeni ya Tsc2, ambayo kwa binadamu huleta uvimbe mdogomdogo kwenye ubongo na mara nyingi huambatana na usonji. Usanisi wao ulikuwa pungufu. Walipozaliwa panya wenye hitilafu zote mbili, ya Tsc2 na ya FMR1, kasoro za sinapsi na za kumbukumbu zilirekebika. Hapa ndipo kusema "uzalishaji" badala ya usanisi kunapopotosha, kwani masikioni mwetu kuzalisha kingi ni heri. Napendelea udhibiti wa usanisi wa protini.

Dawa za kutuliza kipokezi kinachochochea usanisi huo ziliwasaidia panya wenye hitilafu ya FMR1, lakini majaribio makubwa kwa binadamu hayakuleta nafuu iliyotarajiwa. Tena, watu wengi wenye usonji hawana badiliko la jeni moja linalojulikana.